Google haijui usichoandika: namna ya kuiweka sawa tovuti ya biashara ndogo

Kabla hujabadilisha rangi, kabla hujamlipa mtu, fungua Google uandike hivi, bila kuacha nafasi: site:jinalako.com. Weka anwani yako mahali pa hiyo ya mfano. Utaletewa kurasa zako ambazo Google imezihifadhi. Kipimo hiki hakifai kuhesabia kwa uhakika, maana si kila ukurasa huonyeshwa hapo, lakini tatizo kubwa hakilifichi. Ukiona kurasa zako, endelea. Ukiona kurasa usizozijua, za kuuza dawa au michezo ya kamari, tovuti imeingiliwa, mtafute aliyekutengenezea leo hii. Usipoona kitu, basi yote utakayosikia kuhusu kupanda nafasi hayakuhusu bado.

Kazi yangu ni kurekebisha tovuti za watu wenye biashara ndogo: mafundi, wapiga picha, washonaji, wauza vipuri. Wengi huja na swali moja, "Mbona sionekani?", na wengi wameshatishwa na mtu aliyewamwagia istilahi. Ukweli ni kwamba mambo yenyewe yanaeleweka. Google ina roboti inayoitwa Googlebot, inayopita ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo. Inachosoma inakiweka kwenye faharasa kubwa. Mtu akitafuta, Google inachagua kutoka kwenye faharasa hiyo. Roboti isipofika, au ikifika ikazuiwa, huna cha kuchaguliwa.

Mlango umefungwa?

Chanzo ninachokutana nacho sana ni kisanduku kimoja cha WordPress, programu ya kujengea tovuti. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kusoma, utaona mahali pa kuziomba injini za utafutaji zisiihifadhi tovuti. Mtengenezaji hukiweka alama wakati anajenga, jambo ambalo ni sahihi, halafu siku ya kukabidhi anasahau kukiondoa. Kikibaki hivyo, kila ukurasa wako unabeba agizo la noindex, yaani "usiuhifadhi ukurasa huu", na Google inalitii.

Cha pili ni faili la robots.txt, linaloziambia roboti wapi zisipite. Andika jinalako.com/robots.txt kwenye kivinjari ulisome. Chini ya "User-agent: *" ukikuta "Disallow: /", umefunga tovuti nzima. Ukikuta "Disallow:" bila hicho kimstari, umeiacha wazi. Tofauti ni alama moja tu, na nimeona biashara zikikaa gizani kwa ajili yake. Faili hili ni utaratibu wa tangu 1994, na ni ombi tu: ni kibao cha "usiingie", si kufuli. Roboti zenye adabu zinalifuata, nyingine hazijali, kwa hiyo usilitumie kuficha orodha ya wateja. Tena usilitumie pamoja na noindex kwenye ukurasa uleule. Roboti ikizuiwa na robots.txt haiwezi kuusoma ukurasa, na isipousoma haitaliona agizo la noindex, matokeo yake anwani inaweza kubaki kwenye utafutaji.

Baada ya hapo jiandikishe Google Search Console, huduma ya Google inayokuonyesha jinsi inavyoiona tovuti yako. Ni bure. Utatakiwa kuthibitisha kuwa tovuti ni yako, ama kwa kuweka rekodi kwenye DNS (mipangilio ya jina la tovuti) pale ulipolinunua, ama kwa kupakia faili dogo, ama kwa kubandika mstari mmoja wa msimbo kwenye ukurasa wa mwanzo. Fanya hivyo kwa akaunti yako mwenyewe, kisha umpe fundi ruhusa ya kuingia. Wengi hufanya kinyume: kila kitu kipo kwenye barua pepe ya fundi, hata jina lenyewe la tovuti limesajiliwa kwake, na siku mkikosana unaanza upya. Hilo ningelishughulikia hata kabla ya Google.

Ndani ya Search Console weka ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha anwani za kurasa zako. WordPress inalitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, utalipata kwenye /wp-sitemap.xml. Faili moja linaruhusiwa anwani 50,000, nawe pengine una kumi na mbili, kwa hiyo usilikosee usingizi. Linaisaidia Google kujua kilichopo, haliilazimishi kukihifadhi. Ukishaweka ukurasa mpya, bandika anwani yake kwenye kisanduku cha juu cha ukaguzi na uombe upitiwe. Kuomba mara kumi hakuharakishi. Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, nayo ina huduma kama hiyo, na inakubali kuchukua taarifa zako moja kwa moja kutoka Search Console. Ifanye, maana ni kazi ya dakika chache, na sehemu kubwa ya matokeo ya DuckDuckGo, injini nyingine ya utafutaji, hutoka huko.

Maneno ya mteja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo nitakawia.

Mteja wangu mmoja anatengeneza friji na mashine za kufulia. Ukurasa wake wa mwanzo uliandikwa hivi: "Karibu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa kutoa suluhisho bora na za kisasa kwa mahitaji yako yote." Nikamwomba asome kwa sauti, kisha anionyeshe ni wapi panaposema friji. Hapakuwapo. Neno hilo lilikuwa kwenye picha ya bango lake tu. Ukurasa ule ungeweza kuwa wa benki, wa wakili au wa muuza vigae, na Google haina uchawi wa kubahatisha.

Tukafungua simu yake, upande wa meseji, tukasoma wateja walivyomwandikia. "Friji taa inawaka ila haigandishi." "Mashine haikamui nguo." "Friji inavuja maji chini." "Mashine inatetemeka mpaka inahama ilipo." Karibu tovuti nzima ilikuwa mle, imeandikwa na watu wanaolipa.

Fanya vivyo hivyo. Pitia meseji, kumbuka simu unazopigiwa, soma maoni ya wateja, uyaandike maneno kama yalivyosemwa, bila kuyasafisha. Kisha ingiza kila moja kwenye Google, taratibu, uone kisanduku kinavyojikamilisha chenyewe, na chini ya matokeo uone utafutaji unaohusiana. Hizo zinatokana na vitu ambavyo watu wanatafuta. Angalia pia ni kurasa za aina gani zinakuja. Kama ni ramani na majina ya mafundi, anayeandika hivyo anataka fundi, mpe ukurasa wa huduma. Kama ni maelezo ya namna ya kujirekebishia, mtu huyo bado anataka kuelewa kwanza, na ukurasa wa kuuza hautamkalisha.

Halafu gawa. Huduma moja, ukurasa mmoja. Ule ukurasa wa "Huduma zetu" wenye orodha ya vitu kumi na picha za kuchora hautoshi, kwa sababu hausemi lolote la kina kuhusu chochote kati ya hivyo kumi. Lakini usizidishe. "Fundi friji", "fundi wa friji" na "kutengeneza friji" ni kitu kimoja, na Google inalijua hilo, haina haja ya kurasa tatu. Wala usitengeneze kurasa ishirini zinazofanana neno kwa neno, tofauti ikiwa jina la mtaa tu. Mtindo huo umekatazwa waziwazi kwenye sera za Google dhidi ya taka za mtandaoni.

Ukurasa wa huduma uandikwe nini? Andika unayomweleza mtu akikupigia. Ni aina gani za mashine unazishika. Dalili zipi unaziona mara kwa mara, na huwa zinasababishwa na nini. Unakwenda nyumbani au mteja anakuletea. Kazi huchukua muda gani kwa kawaida, bei inapangwaje, dhamana ikoje. Andika pia usichofanya. Wateja wangu hulipinga hili mwanzoni, wanaona kama wanafukuza watu, mpaka simu zisizoleta kazi zinapopungua. Urefu usikusumbue: Google imesema wazi kwamba haina idadi ya maneno inayoipendelea. Ukimaliza kusema, umemaliza.

Kurudia neno mpaka sentensi inaugua, "fundi friji bora wa friji nafuu za friji", hakusaidii na kunamkera msomaji. Kuna pia ule mstari uliofichwa wa maneno muhimu kwenye msimbo wa ukurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiutumii kupangia matokeo. Ukiletewa ankara yenye kazi ya kuujaza mstari huo, uliza maswali.

Kama wateja wako wanatafuta kwa lugha mbili, kila lugha ipewe ukurasa wake na anwani yake. Usichanganye aya ya lugha hii na aya ya lugha ile. Google hutambua lugha kwa kuyasoma maandishi yanayoonekana, si kwa alama ya lugha iliyowekwa kwenye msimbo. Na tafsiri ya mashine ambayo hakuna mtu aliyeipitia, heri isiwepo.

Kichwa na kile kifungu cha chini yake

Kila ukurasa una kichwa kinachoonekana kwenye kichupo cha kivinjari na, mara nyingi, ndicho hicho mstari mkubwa wa kubofya kwenye matokeo. Nimekutana na tovuti nyingi ambazo kichwa cha ukurasa wa mwanzo ni "Mwanzo". Badala yake andika kama hivi: "Kutengeneza friji na mashine za kufulia", kisha jina la mji wako, kisha jina la biashara. Kila ukurasa na kichwa chake. Hakuna idadi rasmi ya herufi, lakini kikizidi upana wa skrini kinakatwa, kwa hiyo kilicho muhimu kitangulie na jina la kampuni lije nyuma. Usishangae Google ikikibadilisha, ina mazoea hayo, hasa kichwa kikiwa hakilingani na kilichomo.

Maelezo mafupi yanayokaa chini ya kichwa hayakupandishi nafasi. Yanamshawishi mtu abofye, basi. Sentensi mbili zinatosha: unafanya nini, kwa nani, na jambo moja linalomtoa wasiwasi, kwa mfano kwamba unafika siku hiyohiyo. Kama hufiki siku hiyohiyo, usiandike.

Sasa nije kwenye ugonjwa wa mabango. Mtu ametengenezewa bango zuri, lina huduma zote, namba ya simu, saa za kazi na ramani, akalipakia kama picha, akahisi tovuti imekamilika. Maandishi yaliyo ndani ya picha usiyategemee kusomwa. Mteja mwenyewe hawezi kuyanakili, hawezi kuigusa namba ikapiga, na kwenye simu ndogo hayaoni. Liache bango kama pambo, uandike yote yaliyomo kwa maandishi ya kawaida. Namba ya simu iwe kiungo cha kupigia.

Picha nyingine zote zipe maandishi mbadala yanayosema kilichomo: "Fundi akibadilisha mpira wa mlango wa friji". Jina la faili nalo liwe la maneno, si IMG_2047. Maandishi mbadala yapo kwanza kwa ajili ya wasioona, ambao programu zao za kusoma skrini huwasomea hayo, kwa hiyo ukiyageuza kuwa ghala la maneno muhimu unawatesa watu hao.

Viungo vya ndani: acha "bofya hapa". Andika "kutengeneza mashine za kufulia" na maneno hayo ndiyo yabofywe, ili roboti na mtu wote wajue wanakokwenda. Hakikisha kila ukurasa unafikiwa kwa kiungo cha kawaida chenye anwani. Vitufe vinavyotegemea msimbo wa JavaScript peke yake vinaweza kuiacha Googlebot mlangoni.

Simu, kasi, usalama

Siku hizi Google inasoma toleo la tovuti linaloonekana kwenye simu. Mabadiliko hayo yalitangazwa 2016 na yakakamilika 2023. Maana yake kwako: kama aya tatu zipo kwenye kompyuta lakini kwenye simu zimeondolewa ili "ipendeze", zihesabu kuwa hazipo.

Kasi inaharibiwa zaidi na picha. Picha imetoka kwenye kamera ikiwa na upana wa pikseli 4,000, imepakiwa hivyohivyo, halafu inaonyeshwa ikiwa na upana wa kiganja. Ipunguze hadi pikseli 1,200 hivi, ihifadhi kwa muundo wa WebP au JPEG iliyobanwa. Ukitaka kupima, tumia PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, nayo ni bure. Viwango vinavyohesabika kuwa vizuri ni kitu kikuu cha ukurasa kuonekana ndani ya sekunde 2.5, ukurasa kuitikia mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kurukaruka kwa mpangilio isizidi 0.1. Ukivifikia, toka. Sijaona biashara iliyopata mteja kwa sababu imepandisha alama zake za kipimo hicho kutoka 94 hadi 100, ila nimeona wenye tovuti wakilipishwa kwa ajili ya hizo sita.

Anwani ianze na https. Cheti cha usalama kinachohitajika kwa hilo hakina haja ya kukugharimu, Let's Encrypt wanatoa bure na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zinakiweka kwa kubofya mara moja. Chagua pia kama ni kwa www au bila www, na lile lingine lipelekwe kwenye hilo ulilochagua.

Ukibadilisha tovuti

Hili lina aya yake kwa sababu ndilo linalowaumiza watu waliokuwa wanaonekana vizuri. Tovuti mpya inazinduliwa, anwani zote zimebadilika, na zile za zamani, ambazo Google ilizijua kwa miaka na ambazo wengine wameziunganisha kwenye kurasa zao, zinatoa kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani. Kabla ya uzinduzi, andika orodha ya anwani za zamani kwenye jedwali, na mbele ya kila moja andika ukurasa mpya unaochukua nafasi yake. Mtengenezaji aweke uelekezaji wa kudumu, yaani 301, kutoka ya kwanza hadi ya pili. Kupeleka zote kwenye ukurasa wa mwanzo si dawa. Ukurasa ambao hauna mrithi uachwe ufe.

Nje ya tovuti

Kama wateja wako ni wa karibu, wasifu wako wa biashara kwenye Google, ule unaoonekana kwenye ramani na uliojulikana kama Google My Business hadi 2021, unaweza kukuletea simu nyingi kuliko tovuti. Uthibitishe, chagua aina ya biashara iliyo sahihi kabisa, weka saa za kazi za kweli, picha za kweli. Jina liwe lile lililo kwenye kibao chako, usilitie maneno ya kutafutwa. Google inasema matokeo ya karibu hupangwa kwa mambo matatu: jinsi unavyolingana na kilichotafutwa, umbali wako na anayetafuta, na jinsi unavyojulikana. La umbali huliwezi, kwa hiyo ukifika mji wa pili ukajikuta huonekani, si hujuma. Maoni omba kwa kila mteja uliyemhudumia vizuri, yajibu hata yale makali, ila usiyanunue.

Viungo kutoka tovuti nyingine navyo usinunue. Mabadiliko ya upangaji wa matokeo ambayo Google iliyaita Penguin, ya Aprili 2012, yaliwashusha wengi waliokuwa wakiishi kwa biashara hiyo, na sera haijalegea. Vinavyofaa hutoka kwa watu mnaofahamiana kikazi: msambazaji anayeorodhesha mafundi wake, chama cha wafanyabiashara, shule uliyoihudumia. Waombe, wengi hukubali.

Na yule anayekuahidi nafasi ya kwanza ndani ya mwezi, mkatalie. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuihakikisha, na haipokei malipo ili kukupandisha kwenye matokeo ya kawaida. Matangazo ni kitu kingine na yana alama yake.

Mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache, mengine huchukua miezi. Mimi huacha wiki kadhaa zipite ndipo nafungua Search Console, kwenye ripoti ya utendaji, upande wa maneno yaliyotafutwa. Natafuta vitu viwili. Kwanza, maneno ambayo tovuti ilionyeshwa mara nyingi lakini haikubofywa: hapo narudi kwenye kichwa na maelezo. Pili, maneno ambayo tovuti inatokea nafasi ya kumi au ya ishirini bila kuwa na ukurasa unaoyahusu. Kwa yule wa friji ilikuwa mipira ya milango, bidhaa aliyokuwa nayo kwenye rafu na haikutajwa popote isipokuwa kwenye maelezo ya picha moja. Ikapata ukurasa wake, na ukurasa wa friji ukauelekeza kiungo. Ripoti hutunza taarifa za miezi 16, kwa hiyo kama biashara yako ina misimu, linganisha mwezi huu na mwezi uleule wa mwaka jana, usilinganishe na mwezi uliopita.